Mbalamwezi Katonga: siku sita za mshipi kutoka Tabora

Nina wiki moja tangu nirudi Tabora na daftari langu bado linanata asali. Sababu mtaiona mbele. Haya nimeyaokota kwenye kurasa zilizokubali kuachana, kwenye picha za simu, na kwenye kumbukumbu ya shemeji yangu tuliyesafiri naye, ambaye baadhi ya mambo anayakana mpaka leo. Palipo na ubishi nimefuata daftari.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Wavuvi wa mshipi wenye boti na mitumbwi, wengi wao wa Kigoma mjini, Ujiji na Kibirizi, wachache wa Uvinza, na sisi wawili wa Tabora, tulikubaliana kukutana mwalo wa Katonga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Jumamosi na Jumapili, tarehe 6 na 7 Septemba 2025. Tuvue, tupime, tule. Hakukuwa na mdhamini wala mgeni rasmi. Kila chombo kilichanga elfu ishirini, na kila mtu alikuja na ndoana zake. Sisi huku tumezoea bwawa la Igombe, perege na kambale, unakaa juu ya jiwe na kivuli chako. Mimi nilikuwa na hamu moja ya miaka mingi: kuhe. Ni jamaa wa ngege na sato, ila katika ukoo huo hakuna anayemfikia kwa ukubwa, na anapatikana Ziwa Tanganyika tu.

Alhamisi, 4 Septemba. Tabora hadi mwisho wa reli

Tulikatiwa tiketi ya saa 12 asubuhi, tukaondoka saa 12:40 kwa sababu abiria mmoja alikuwa anaagana na ukoo mzima. Nauli elfu 25 kwa kichwa. Kondakta alitudai elfu tatu zaidi kwa fimbo zetu mbili za kuvulia, ambazo nilizitia ndani ya bomba la maji la plastiki zisivunjike. Alisema bomba ni kifaa cha ujenzi, na vifaa vya ujenzi vina bei yake. Shemeji akaanza kumfafanulia uvuvi wa fimbo. Nikamwambia lipa tulale.

Hadi Kaliua hakuna la kusimulia: lami, miombo iliyopukutika, mabani ya tumbaku yaliyopoa yakisubiri msimu. Mbele ya Kaliua tairi la nyuma likapasuka, jeki iliyokuwepo ikawa fupi, nasi tukakaa saa mbili na robo chini ya mininga. Mama mmoja alipita na baiskeli, akaona watoto wanalia kiu, akageuza. Baada ya nusu saa alirudi na ndoo ya maji na sinia la viazi vitamu vya kuchemsha. Hela akakataa. Alichouliza ni kama dereva ni mtu wa pale, maana kafanana na mdogo wake. Dereva ni mtu wa Singida, lakini tangu hapo alimwita dada, na tulipoondoka alimpigia honi mpaka alipopotea kwenye kioo.

Nguruka tulisimama dakika kumi na tano. Chai, chapati, na kambale wakavu wa mto Malagarasi, wale wanaokunjwa mkia ukaingizwa mdomoni kama bangili. Nikanunua wawili kwa elfu sita. Lilikuwa kosa: harufu yao ilipanda basi kabla yangu, na dada niliyekaa naye akahamia nyuma bila kuaga. Malagarasi yenyewe siku hizi unaivuka juu ya Daraja la Kikwete, hata hujamaliza kutoa simu upige picha. Picha yangu ni ya ukingo na bega la shemeji. Halafu tukala vumbi kidogo, halafu Uvinza, mji wa chumvi, ambako vijana wanakunyooshea mifuko ya chumvi dirishani kama kwingine wanavyouza soda.

Kigoma tuliingia saa 12 jioni ikiwa imepita, na jua bado lipo. Huku magharibi jua huchelewa: linazama karibu saa moja, nyuma ya milima ya Kongo, na asubuhi saa 12 bado ni giza. Panga safari zako kwa kujua hilo.

Gesti tulipata Mwanga, hapohapo mjini, elfu 25, feni na neti. Hapo ndipo nilipofungua begi. Dumu la lita tano za asali tulilowabebea wenyeji wetu lilikuwa limelala ubavu tangu Kaliua, na kama lita moja ilishaamua kutobaki ndani. Nguo, daftari, kamba, na rili yangu mpya ya kukunjia kamba, vyote vimeiva. Sisimizi wa Mwanga walipata habari kabla ya saa mbili usiku. Dada mhudumu alicheka kwanza mpaka akakaa chini, kisha akaleta beseni la maji ya moto. "Kaka, asali haitoki kwa maji ya baridi, utakesha." Akakaa na sisi mpaka saa nne tukisafisha rili kwa mswaki wa zamani. Rili inazunguka, ila ukiisikiliza vizuri bado inanung'unika.

Kwa mwenye kubeba asali: funga mfuniko kwa nailoni na mpira, simamisha dumu katikati ya miguu yako, na usiliamini buti la basi.

Ijumaa, 5 Septemba. Kibirizi, kisha Katonga

Maulidi iliangukia wiki hiyo na kampeni za uchaguzi zilikuwa zimeanza siku chache nyuma, kwa hiyo Mwanga hapakuwa mahali pa kulala asubuhi. Tukachukua bajaji hadi Kibirizi, kaskazini ya mji. Ndiko zinakopakia boti za kwenda Gombe na vijiji vya juu, na ndiko nilikotaka kununua dagaa wabichi wa chambo. Pia nilikuwa na agizo la mke wangu: dagaa wakavu kilo tatu, wa chanja, wasio na mchanga.

Wabichi hawakuwepo hata mmoja. Vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa kwa taa, vilikuwa vimefungwa ufukweni, nyavu zimeanikwa, taa zimefunikwa maturubai, wanaume wanacheza bao. Nikamuuliza mama mmoja muuzaji kulikoni. Akaniangalia kama mtu aliyepotea.

"Kwani baba, usiku huangaliagi juu?"

Ilikuwa mbalamwezi. Dagaa wa Kigoma huvuliwa gizani: taa inawaita wajikusanye chini yake, wavu unainuliwa. Mwezi ukishajaa ziwa zima linakuwa na taa, dagaa wanatawanyika, mafuta yanaungua bure. Basi kama wiki moja kila mwezi watu wa vipe wanapumzika, wanashona nyavu, wanalala majumbani kama wafanyakazi wa ofisi. Nilielewa papo hapo kwa nini wenyeji wetu walichagua tarehe zile. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya wikendi. Kumbe ni wiki pekee ambayo boti, injini na manahodha wana nafasi.

Na nilielewa jambo la pili, la mfukoni: wakavu walikuwa elfu 28 kwa kilo, na mama alisema wazi kwamba ningekuja siku kumi nyuma ningelipa pungufu ya hapo. Nikasema nitarudi Jumatatu. Akacheka. "Jumatatu mwezi utakuwa umekwenda wapi?"

Kwa wanunuzi wa dagaa: jifunze kuhesabu mwezi kabla ya kuhesabu hela. Na ukinunua, tafuna mmoja. Aliyeanikwa juu ya chanja anavunjika kimya. Aliyeanikwa chini anapiga kelele kwenye meno.

Mchana tulishughulikia vibali. Wenyeji walikuwa wameshazungumza na BMU ya mwalo, kile kikundi cha wavuvi kinacholinda rasilimali za uvuvi, na afisa uvuvi, kwa hiyo sisi wageni tulionyesha vitambulisho, tukalipia, tukapewa risiti. Usiruke hatua hii eti kwa kuwa una ndoana moja tu. Ukikutwa ziwani huna karatasi, maelezo yako yote ya michezo na starehe hayatasikilizwa. Jaketi okozi nazo zilikaguliwa moja moja. Yangu ilirudishwa kwa sababu mkanda ulikatika ukafungwa kwa waya. Nikaazima nyingine ya rangi ya chungwa iliyokuwa inanuka migebuka, na hiyo ndiyo iliyonilinda siku zote mbili.

Jioni tukafika Katonga. Maji ya ziwa yalivyopanda tangu 2020, utaona pale miti imesimama majini na kuta za zamani ambazo sasa zimekuwa vijiwe vya ndege. Vyombo kumi na nne vilikuwa vimepangwa: tisa vya injini, vitano vya kafi. Tuliwasalimia kwa Kiha tulichofundishwa na dada wa gesti, "Mwakeye!", ambayo ni salamu ya asubuhi, na ilikuwa jioni. Wakacheka wakatuitikia hivyohivyo. Asali iliyobaki ilipokewa kwa heshima kubwa kuliko iliyostahili, maana dumu lilikuwa na manyoya ya begi. Tangu saa ile tukaitwa watu wa bwawani, na kura ikatupangia nahodha: mzee mmoja mkavu, mwenye kofia ya sufi hata kwenye joto, ambaye kila mtu alimwita Babu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, wanangu. Bwawa lenu lina kina gani?"

Shemeji akasema mita kadhaa. Babu akatikisa kichwa kwa huruma. Ziwa lile lina kina cha mita 1,470 pale linapozama zaidi. Nikataka kujua kama kamba yangu ya mita 200 itafika kwa samaki. Kijana mmoja wa uvuvi aliyekuwa pale akanipa darasa bila malipo: chini sana hakuna hewa ya kutosha, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki, kwa hiyo samaki wote wanaishi kwenye tabaka la juu na kando ya mwambao. Ukishusha kamba mpaka iishe, unavua giza.

Chakula cha usiku: migebuka ya kubanika, ugali wa muhogo, na mchuzi wa mawese mwekundu unaobaki kwenye vidole mpaka kesho yake. Sahani elfu nne kwa mama lishe. Shemeji alikula mbili na akaanza kuulizia viwanja.

Jumamosi, 6 Septemba. Migebuka, upepo, na kamba ya mawese

Tulitoka saa 12:30 asubuhi, nyota bado zipo. Ziwa lilikuwa kimya kama sahani. Boti yetu ya mbao, injini ya farasi kumi na tano, lita ishirini za petroli kwa elfu sitini na ushei. Hapo pana kosa la shemeji, naye ndilo analolikana: lita kumi na tano tulinunua kituoni, na tano akaziongezea kwa kijana wa chupa njiani kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Babu hakutaka kuona fimbo zangu. Alikuwa na mshipi wa mkono umezungushwa kwenye kipande cha mti, ndoana kumi zimepishana, kila moja imefungwa unyoya mweupe wa kuku. Hakuna chambo. Anaushusha, anauvuta kwa vipigo vifupi, anautuliza, anauvuta. Mara ya tatu ulipanda na migebuka minne inang'aa kama vijiko. Mimi nilikuwa nimetundika chambo bandia cha elfu kumi na nane, chenye macho na mkia. Mpaka saa tatu Babu alikuwa na kumi na tisa, mimi nina mmoja, naye nadhani alijikwaa.

"Kuku wa rangi gani, Babu?" nikauliza.

"Mweupe. Na awe ameliwa nyumbani kwako. Wa kununua hawafai." Nilicheka nikidhani ni mzaha. Hakucheka, basi nikaandika kwenye daftari.

Alinipa mshipi mwingine. Mkono unajifunza haraka kuliko fimbo: unahisi mgebuka anavyogonga, unahisi kama wako wawili au watatu. Hadi saa tano kasoro tulikuwa na thelathini na moja kwenye ndoo, tatu kati yake za shemeji, ambaye alikuwa ameanza kubadilika rangi.

Saa tano Babu akainua uso. Sikuona kitu. Yeye aliona mstari mweusi juu ya maji upande wa kusini. "Kusi huyo. Kunjeni." Miezi hii ya kiangazi upepo wa kusi unaamka kabla ya adhuhuri, na ambaye hajasogea ufukweni analishwa maji. Tulikunja, Babu akavuta kamba ya injini, ikanguruma, tukaenda kama dakika kumi, ikakohoa, ikakata. Akavuta tena. Na tena. Akafungua bomba la mafuta, akamimina kidogo kiganjani, akaninyooshea: matone ya maji yanateleza ndani ya petroli. Sote wawili tukamtazama shemeji. Shemeji akatazama Kongo.

Mawimbi yalikuwa yameshapata meno. Tulishika makafi, Babu akasafisha plagi kwa pindo la shati lake, na kati ya wimbi na wimbi akatusimulia Liemba, nadhani kwa ajili ya kututuliza. Meli hiyo Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. "Miaka minane chini ya maji, na ikafufuka. Sembuse haka." Haka kakakataa kufufuka.

Aliyetuokoa ni boti ya mizigo inayotoka upande wa Ilagala, imejaa mihogo na madumu ya mawese. Walituona tunapunga jaketi, wakazunguka mara mbili mpaka wakaturushia kamba, kamba yenyewe imelowa mawese inateleza kama kambale, tukaifunga mara tatu ndipo ikashika. Walituvuta karibu saa nzima, wakapoteza muda wao wa soko. Nikamnyooshea nahodha wao elfu ishirini. Akaniuliza kama mimi ni mvuvi. Nikasema ndiyo, kwa aibu. "Basi nipe ndoana." Nikampa pakiti mbili. Akazitazama, akarudisha moja, akasema hizo ni kubwa, za watu wa bahari.

Petroli nunueni kituoni, foleni iwe inafika barabarani. Na kwenye boti kila mmoja avae jaketi mwilini. Yangu ningekuwa nimeikalia, isingetusaidia hata kupunga.

Kwenye mizani ya kutundika hakuna aliyejali habari zetu, kwa sababu boti ya Ujiji ilikuwa imeleta sangala wa kilo kumi na moja. Picha yake ninayo: watu saba wamemshika, na kila mmoja anasema ndiye aliyemvuta.

Usiku tulilala hapohapo Katonga, kwenye ukumbi wa nyumba ya mwenyeji mmoja aliyetupa magodoro na neti bila kuulizwa. Motoni mazungumzo yalikwenda kwenye mwaka 2024, ziwa lilipofungwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi jirani zinazolitumia. Wengine walisema walipofungua waliona migebuka minene ambayo hawajaiona miaka. Wengine wakasema waliona madeni. Babu alisema kwake yeye kilichopumzika kwa uhakika ni mgongo.

Jumapili, 7 Septemba. Kuhe

Niliweka kengele ya saa 11 alfajiri. Ikalia, nikaamka, nikakuta mwalo mtupu. Simu ilikuwa imedaka mnara wa ng'ambo usiku, ikajirudisha saa moja nyuma, maana Burundi na Kongo ya mashariki wako nyuma yetu kwa saa moja. Kumi na tatu wameshaondoka. Babu amekaa juu ya mtumbwi wa kafi, kofia kichwani, anakunywa chai yangu. Ukifika mwambao huu, zima saa ya kujirekebisha yenyewe.

Injini bado ilikuwa imevuliwa matumbo, kwa hiyo tukaondoka kwa kafi, sisi watatu, tukifuata miamba ya mwambao. Wote wenye injini walikuwa kwenye kina. Kando hapakuwa na mtu. Kama simu isingenidanganya, nisingelipaona mahali pale.

Maji ya Tanganyika yana uwazi unaotisha kidogo. Asubuhi, jua likishapanda nyuma ya vilima, unaona mawe chini mita kumi na zaidi, unaona na kivuli cha mtumbwi wako kinatembea juu yake. Usidanganyike ukayanywa wala kuogelea popote: kwenye vighuba vyenye majani na konokono, kichocho kipo.

Babu safari hii alikubali fimbo. Nikarusha chambo changu cha elfu kumi na nane sambamba na miamba, nikakirudisha polepole. Mara ya tano, ya sita. Rili inanung'unika asali yake. Halafu fimbo ikapinda mpaka mtumbwi ukageuka.

Sijui ilichukua muda gani. Shemeji anasema dakika tano, mimi nasema kumi na tano, daftari halina kitu kwa sababu mikono haikuwepo. Alikimbia kwenye kina, akarudi, akapita chini yetu nikamwona: mrefu kama mkono wangu wote, manjano yenye madoa meusi ubavuni. Nikasikia sauti yangu inasema "kuhe, kuhe, kuhe" kama kichaa. Nilimleta ubavuni mwa mtumbwi. Babu akainama kumshika, akasimama hapohapo, mkono ndani ya maji.

"Tazama kule."

Pale tulipomtoa, karibu na jiwe bapa, kulikuwa na wingu. Nilidhani ni taka. Lilikuwa linapumua: vifaranga, mamia kwa mamia, vidogo kama kucha, na kuhe mwingine anazunguka pembeni kwa wasiwasi, anaondoka, anarudi. Kuhe hulea wawili, baba na mama, wanalinda watoto wao mpaka wapate nguvu. Mmoja akiondoka, samaki wa miambani wanaingia mezani.

"Nimekuja kutoka Tabora, Babu," nikasema.

"Najua. Nimeona mabomba."

Hakusema niachie. Alishika tu kamba karibu na mdomo wa samaki na kunitazama, na ule utulivu wake ulinikera kuliko amri. Kwenye mizani kulikuwa na dumu la mawese lita ishirini kwa samaki mzito wa siku, na huyu alikuwa na kilo tatu, pengine zaidi. Nilikaa hivyo kwa muda wa aibu. Kisha nikasema mwachie. Akaing'oa ndoana kwa vidole viwili, akamshika mkia dhidi ya maji mpaka alipopata pumzi, akamwachia. Hakwenda kwenye kina. Alirudi moja kwa moja kwenye lile wingu.

Picha hakuna. Simu ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya begi, begi chini ya shemeji. Mtaamini au mtaacha.

Sitadanganya kwamba nilifurahi. Nilivua kimya mpaka saa tano, nikapata visamaki viwili vya miambani ambavyo Babu alivitaja kwa majina nisiyoweza kuyaandika. Kusi alipoamka tulikuwa tumeshafika. Mchana boti moja ya Kibirizi ilileta kuhe wa kilo mbili na nusu, ikachukua dumu. Nikamtazama Babu. Alikuwa anashona kofia.

Jioni ilikuwa ya kula na kuagana, na ndipo mwezi ukafanya kichekesho chake. Ulichelewa kutoka nyuma ya vilima, na ulipotokea saa moja na nusu hivi ulikuwa tayari umeumwa pembeni. Tulijua kuna kupatwa kwa mwezi usiku ule, redio ilitangaza, lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Ufukwe mzima uliokuwa mweupe ukaanza kufifia. Kufika saa mbili na nusu mwezi wote ulikuwa mwekundu, rangi ya mawese kabisa, na nyota ambazo hatukuziona wiki nzima zikajaa mpaka juu ya Kongo. Kutoka msikitini tulisikia wanaswali sala ya kupatwa. Watoto walikuwa wamenyamaza.

Kijana mmoja wa vipe akapiga kelele kutoka gizani: "Washeni taa, tukavue dagaa kabla haujarudi!" Mwalo mzima ukacheka. Lakini niliwaona wawili wamesimama kweli, wanatazama kipe chao, wanatazama juu, wanapiga hesabu. Giza lile lilikaa mpaka karibu saa nne, kama saa moja na dakika ishirini. Mmoja akasema haitoshi hata kufika. Wakakaa.

Jumatatu na Jumanne, 8 na 9 Septemba. Ujiji, dagaa, nyumbani

Ujiji tulikwenda kwa sababu ya aibu ya kuulizwa nyumbani kama tulifika. Makumbusho ya Livingstone ipo pale alipokutwa na Stanley mwaka 1871, chini ya miembe. Ziwa, lililokuwa karibu zamani hizo, sasa liko mbali kidogo hata baada ya kupanda kwake. Kiongozi anaeleza vizuri. Mpe muda, sisi tulimharakisha na ninajuta.

Babu alitusindikiza hadi Kibirizi kununua dagaa. Mama yuleyule, bei ileile, elfu 28. Babu akamwambia kitu kwa Kiha, maneno manne tu, ikawa elfu 25. Nikamwuliza alisema nini. "Nimemwambia ulimwachia." Sikuwa na la kujibu, nikalipa kilo tatu na kumwongezea Babu pakiti ile ya ndoana kubwa. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema atampa mtu wa bahari akimwona.

Kurudi hakuna la kusimulia: basi halikupasuka, shemeji alilala, kambale wa Nguruka sikuwagusa.

Nyumbani mke wangu alifungua mfuko kabla hajanisalimia vizuri. Akachukua dagaa mmoja, akamtafuna taratibu, akisikiliza. Kimya. Akachukua wa pili.

"Hawana mchanga," akasema. "Umenunua shilingi ngapi?"

Nikamtajia elfu ishirini na mbili.